Baraka Zimenikuta na Mkokoteni

Jirani, usinipongeze. Najua unataka kusema mvua ni baraka. Garissa nzima inaniambia mvua ni baraka, kuanzia imamu mpaka yule kijana wa tuktuk mwenye deni langu la tangu Ramadhani. Sikatai. Baraka ni baraka. Lakini wewe unauza nini? Unauza viatu. Yule pale anauza kredo. Mimi nauza maji, ndugu yangu. Maji! Kwa punda! Sasa Mungu mwenyewe akiamua kuingia kwenye biashara hiyohiyo, anapeleka mpaka mlangoni, tena hatozi hata ndururu, mimi nishindane naye vipi?

Wacha nikueleze kazi ilivyo, maana nyinyi mnaona punda tu. Nina mkokoteni mmoja. Ekseli yake ilikuwa ya Peugeot, enzi hizo. Matairi sijui ni ya gari gani, moja limezidi lingine kidogo, ndiyo sababu unaona kila saa tunavutwa kushoto. Nina mitungi ya manjano ya lita 20, ile iliyokuja na mafuta ya kupikia. Hakuna hata mmoja uliobaki na kifuniko chake, yote nimeiziba na nailoni iliyosokotwa. Na nina punda anaitwa Injinia. Jina nilimkuta nalo. Aliyeniuzia alisema punda huyu amesoma. Sikuuliza amesomea nini.

Sasa, jilaal ikiingia, ule ukavu wa Januari mpaka Machi, mimi ni mtu. Naheshimika. Mama mwenye nyumba ananisalimia yeye kwanza. Akina mama wa bula nzima, yaani mtaa wetu, wananijua, mimi ndiye abti, mjomba wao: abti njoo huku, abti usitupite, abti jana ulitusahau. Jua linawaka mpaka mabati yanalia peke yake mchana. Mto Tana umenywea, mchanga unaonekana katikati, mbuzi wanavuka wakitaka. Na mtungi uliokuwa mbao unafika finje bila mimi kusema neno. Naringa kidogo. Nani haringi?

Gu ikiingia, mvua zenyewe, kwenye mwezi wa nne hivi, wale wale akina mama, midomo ile ile: "Warya, ondoa punda, anaziba njia."

Usidhani mimi ni mtu mbaya. Ile miaka ya ukame mkubwa, toka mwisho wa 2020 mpaka 2022 ikaisha, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Mitano! Mizoga ya ng'ombe ilijaa kando ya barabara mpaka ukazoea, na kuzoea ndiko kulikoniogopesha. Miaka hiyo hata mimi sikuringa. Mtu aliyezika mifugo yake hanunui maji, anakopa. Na wewe utamnyima maji mtu aliyetembea na watoto kutoka huko Lagdera? Nikakopesha. Daftari langu la madeni likawa nene kuliko la chifu. Mvua ikarudi masika ya 2023, nikasema sasa watu watalipa. Wenye madeni wakakunja turubai, wakafuata majani, na daftari langu halina miguu.

Lakini nisikimbie. Nilikuwa nakuambia juu ya mwaka huu.

Mwaka huu mvua ilichelewa kidogo, wazee wakasema tutoke tukaombe. Unaijua sala ya kuomba mvua. Mnatoka uwanjani, juani, nguo za unyenyekevu, mnaswali rakaa mbili, mnasikiliza hotuba, halafu imamu anageuza shuka yake ndani nje, na nyinyi mnageuza zenu, kwamba Mungu naye ageuze hali. Mimi nilikwenda. Ningekosaje kwenda? Mji mzima umetoka, halafu muuza maji peke yake abaki kwake na punda wake, watasemaje? Watasema mimi ndiye ninayeizuia.

Wenzangu walikuwa na mashuka. Mimi nilikuwa na fulana. Tena ya kampeni, ina sura ya mheshimiwa aliyeshindwa. Watu wakageuza mashuka, mimi nikavua fulana katikati ya umma, kitambi nje, nikaigeuza, nikavaa. Mheshimiwa akawa ananitazama tumboni kwa ndani.

Halafu ndiyo taabu yenyewe ikaanza. Mikono iko juu, watu wanalia machozi ya kweli, na mimi sijui niombe nini. Nikiomba mvua, najiombea njaa. Nikinyamaza, malaika wananiandika. Mwisho nikasema kwa sauti ya chini: Ya Rabbi, ilete, lakini ipeleke huko malishoni, Fafi kule, Balambala kule, hapa mjini iruke kidogo. Mzee aliyekuwa kando yangu masikio yake mazima kumbe. Akaniambia: dua ya kuomba mvua inyeshe pembeni ipo, Mtume aliiomba, lakini aliiomba mafuriko yalipozidi. Wewe unaiomba kabla ya wingu la kwanza?

Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea. Mama watoto akaniangalia kutoka juu mpaka chini. Akaona mshono wa fulana uko nje.

"Umetoka wapi?"

"Kusali."

"Kusali," akasema. Hakuongeza neno. Mpaka leo hajaongeza.

Mvua yenyewe ikaja usiku. Idara ya Hali ya Hewa ilikuwa imesema kwenye redio, wazee wanaosoma nyota walikuwa wamesema, goti langu la kulia nalo lilikuwa limesema, mimi sikuamini hata mmoja. Ulianza upepo. Vumbi likaingia mpaka kwenye meno. Halafu tone. Halafu tone lingine, zito, paa! juu ya mabati. Stima ikakatika hapo hapo kwenye tone la pili, hata haikujaribu. Na ile harufu ya udongo ikapanda. Nitasema ukweli, harufu hiyo hata muuza maji anaivuta. Nilivuta mara moja nikajikumbusha mimi ni nani.

Bula nzima ikaamka. Watoto nje bila nguo. Wanawake wanapiga vigelegele. Nikasikia sufuria, beseni, ndoo, mapipa yanaburutwa. Hawana pupa, hawa wana ujuzi: dakika za kwanza wanaacha mabati yajioshe vumbi na mavi ya njiwa, ndipo wanasukuma chombo chini ya gata. Nimelala gizani nasikiliza biashara yangu ikijaa kwenye mapipa ya watu. Pipa likijaa lina mlio wake. Huanza na ngoma, linamalizia na kunong'ona.

Na paa langu mimi? Linavuja. Linavuja sehemu moja tu, kwenye mto wangu wa kulalia, upande wangu. Nikasogea. Mama watoto akaweka beseni pale kichwa changu kilipokuwa, akajifunika.

"Si unauza maji? Kinga."

Kabla sijapata jibu, hodi. Ni yule eddo, shangazi wa nyumba ya pili, ameloa, anacheka kwa furaha mpaka huwezi kumkasirikia. "Abti, mitungi yako imekaa bure kwenye mkokoteni. Niazime nikingie." Sasa utasema nini? Utamwambia mama wa watu hapana usiku wa baraka? Nikampa. Asubuhi natoka na Injinia, nazunguka bula yote, hakuna anayenitazama usoni. Kwenye kona ya msikiti namkuta kijana wa yule eddo. Amepanga mitungi. Ya manjano. Imezibwa na nailoni iliyosokotwa.

"Maji ya mvua, abti. Safi. Mbao tu."

Acha vyura. Acha kumbikumbi waliojaa ndani ya chai. Acha nge niliyemkuta ndani ya kiatu, alikuwa ameingia kwanza na ilionekana ana haki. Nataka kukuambia juu ya ziwa.

Wewe unajua mji wetu ulivyo bapa. Maji yakishuka hayana pa kwenda. Mitaro iko, lakini imejaa karatasi na chupa, na kila mtu anamsubiri mwenzake aizibue. Basi kila gu tunapata ziwa kwenye kona ya bula yetu. Ziwa kamili. Vijana wanaogelea. Mabata sijui hutoka wapi. Makorongo wale wenye vipara, ambao siku zote wako machinjioni, wanahamia pale ukingoni, wamesimama na mikono nyuma kama wazee wa baraza wanaosubiri posho. Upande huu ni nyumba, upande ule ni soko na shule na msikiti. Pikipiki zikiingia zinazima.

Mimi nikakaa, nikaangalia, akili ikaniingia. Nikasema, kama maji yamenikataa, basi nitawavusha watu juu ya maji. Bob 10 kwa kichwa, watoto bure wakipakatwa. Nikashusha mitungi, nikatandika gunia, nikapiga kelele: Vuka, vuka, kavu kavu!

Pasenja wakaja. Mzee wa ndevu za hina, kikoi safi, bakora mkononi, uso wake hautaki mchezo. Mwalimu mmoja na bahasha ya karatasi za mtihani kifuani. Wasichana wawili wanaenda harusini, wamefukizwa uudi mpaka punda akapiga chafya. Na mama mmoja na beseni la unga wa anjera uliochachushwa usiku kucha, amelifunika na kitambaa, kila mkokoteni ukitikisika anasema bismillahi.

Tuliingia vizuri. Injinia akapiga hatua, maji kwato, maji goti. Tukafika katikati kabisa.

Akasimama.

Nikampiga kofi la mgongo. Hakuna. Nikamvuta sikio. Hakuna. Nikamwambia maneno matamu, nikamwambia maneno mengine. Injinia akainamisha kichwa polepole, akaanza kunywa. Mnyama ambaye maisha yake yote amebeba maji ya watu bila kuonjeshwa, leo amepata ya kwake, miguuni pake, na hana haraka. Anakunywa, anapumzika, anakunywa.

"Warya," mzee akasema, "tumefika?"

"Bado kidogo, adeer."

"Basi shuka uvute."

Na hapa lazima nikuambie kitu. Mimi ni Mpokomo. Nimezaliwa huko chini Hola, Mto Tana unapita mlangoni. Wapokomo ni watu wa mto, watu wa mtumbwi, mtoto anajua kupiga kasia kabla hajajua kupiga mswaki. Mimi sijui kuogelea. Sijawahi kujua. Nilihamia Garissa nikijua kuwa huku ni jangwani, hakuna atakayeniuliza. Na mjini hapa kila mtu anajua mimi Mpokomo, na hakuna anayejua lile lingine.

"Adeer, sijui kina chake."

"Wewe si Mpokomo?"

Wasichana wakaanza kucheka. Mwalimu akasema, kwa sauti ya darasani, kwamba kina cha maji kinaweza kukadiriwa. Nimeshikilia ubao wa mkokoteni kwa mikono miwili. Macho nimefumba. Ndipo nikasikia mtoto anasema "abti, salama?", nikafumbua. Ni mtoto wa darasa la pili hivi. Anatembea. Anapita kando yetu kwa miguu, begi kichwani, maji yamemfika magotini.

Mzee akamtazama mtoto. Akanitazama mimi. Akakunja kikoi, akashuka, akatembea zake mpaka ng'ambo bila hata kugeuka. Wote wakamfuata. Mama wa unga akanirushia maneno, akataka bob 10 zake. Nikamrudishia. Mwalimu hakudai, lakini alinitazama kwa huruma na hiyo ni mbaya zaidi. Nikabaki katikati ya ziwa na punda wangu mpaka alipotosheka. Korongo mmoja akaruka karibu, akatuchunguza kama tuko hai, akaondoka.

Hiyo ni mvua ya hapa. Sasa ngoja nikuambie ya wenyewe.

Maana sisi Garissa tunanyeshewa mara mbili. Ya kwanza inatoka juu, unaiona. Ya pili inatoka kwa watu. Jua linawaka, anga safi, nguo zimekauka kwenye kamba, umeshaanza kusahau, na mto unapanda. Unapanda tu, kimya kimya, mwekundu, umebeba magogo na ndizi na kandambili moja. Mvua hiyo ilinyesha Nyandarua na Mlima Kenya, wao huko wamekaa na makoti, sisi ndio tunahama. Maji yao yanapita kwenye yale mabwawa matano, Masinga kwanza, halafu Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yanawazungushia mitambo, yakishamaliza kazi yanateremshwa kwetu. Stima inabaki kule kule. Mimi tone la pili tu, giza.

Redio ikatangaza: Bwawa la Masinga limejaa, limefika mita 1,056.5, wakaao kando ya mto wahamie sehemu za juu. Nikashtuka. Mita 1,056! Nikauliza Garissa iko juu kiasi gani, nikaambiwa kama mita 150. Nikapiga hesabu kwenye kiganja, nikatoa, nikapata maji yatatupita kichwani kwa mita 900 na zaidi. Nikamwambia mama watoto tufunge vitu, hata mnara wa simu hautaonekana. Yule yule mwalimu, tulikutana dukani, akajaribu kunielewesha kwamba huo ni urefu kutoka usawa wa bahari, kwamba ukingo wa bwawa lenyewe uko huko juu. Bahari tena imeingiaje hapa? Mimi nina mto, nina ziwa, bado wananiongezea bahari.

Mto ukapanda. Mashamba ya kando yakaenda, ndizi, maembe, mahindi ya watu. Viboko wakaanza kulala kwenye bustani za tikitimaji, na mamba, usiniulize nimewaona wapi, mimi sikai kungoja nihakikishe. Halafu barabara. Wewe unajua ng'ambo ya daraja ni Madogo, kaunti ya watu wengine, na pale Mororo mto ukitaka unaimeza lami. Ulifanya hivyo Novemba 2023, ukafanya tena Aprili 2024. Mabasi na malori yanasimama upande ule, sisi tumesimama upande huu, tunatazamana. Na sisi kila kitu kinatoka Kenya. Ndiyo, Kenya, si tunasema hivyo? Mtu akipanda basi la Nairobi anasema anakwenda Kenya, na anayerudi anaulizwa Kenya kukoje. Nyanya zinatoka Kenya. Sukuma wiki inatoka Kenya. Miraa inatoka Maua na ikichelewa siku moja tu, wanaume wa mji huu wanaanza kusemeshana vibaya na kugundua kwamba nyumbani wana watoto.

Hiyo Aprili 2024 boti iliyokuwa ikivusha watu pale ilizama, watu wakafa. Hapo sina mzaha. Nilisimama ukingoni siku ile na watu wengine, hakuna aliyekuwa na la kusema, na mimi, Mpokomo, nilikuwa na la kusema kidogo kuliko wote.

Sasa sikiliza kichekesho cha Mungu. Mto umefurika, mji una maji mpaka kwenye vitanda, na mifereji ikakauka. Matope yamejaa kwenye pampu, hazivuti. Mapipa ya mvua nayo yamekwisha, watu waliyaogea kama matajiri. Mara naanza kusikia tena: abti! Abti, uko wapi siku hizi? Abti, tumekukosa! Moyo ukafurahi. Nikamfunga Injinia, nikakimbia pale ninapochotaga. Kufuli. Mwenye mfereji naye hana maji.

Nikaona isiwe taabu, nikachota mtoni, pembeni pembeni, nikiwa nimejifunga kamba kwenye mti. Mama watoto akanipa shabu, nikakoroga, nikangoja matope yatulie. Yakatulia nusu. Ile nusu nyingine ilikuwa na msimamo. Mteja wa kwanza akamimina kwenye glasi, akainua kwenye mwanga.

"Abti, hii umeshaweka sukari, ama niweke mwenyewe?"

Akapita afisa wa afya ya jamii, akanipa dawa ya kutibu maji na hotuba ndefu juu ya kipindupindu. Hotuba ilikuwa ya kweli, nikanyamaza. Biashara ikafa mara ya pili msimu mmoja.

Mbu je? Mbu wetu si wa kawaida. Daktari mmoja wa mifugo aliniambia kuna mbu ambao mayai yao yanakaa kwenye udongo mkavu miaka na miaka, yanangojea mafuriko tu, maji yakifika yanaanguliwa, na ndio wanaoleta ile homa ya Bonde la Ufa kwa mifugo na watu. Ilitupiga wakati wa El Niño ya 1997 na 1998, ikatupiga tena mwisho wa 2006 kuingia 2007. Mara hiyo ya pili soko la mifugo likafungwa, kuchinja kukapigwa marufuku. Garissa bila nyama! Unaijua harufu ya Garissa bila nyama? Watu waligombana juu ya maharagwe. Makorongo walikonda. Mimi ndio nashangaa hilo yai. Mimi nikingoja chai hotelini robo saa nimeshatukana.

Basi. Maji yakashuka, jua likatoka, na nchi ikafanya kile inachofanya kila mwaka, na kila mwaka watu wanakutana nacho wamepigwa butwaa. Ule udongo uliokuwa umepasuka ukawa kijani. Siku chache tu. Migunga ikatoa maua meupe mpaka nyuki wakakosa adabu. Digidigi kando ya barabara, twiga kule Bour-Algi wananenepa. Mimi si mtu wa maua lakini nilitazama. Injinia naye akatazama, akaonja, na tangu siku hiyo ukimwonyesha mkokoteni anageuka upande mwingine.

Nikasema, biashara hakuna, punda amegoma, sasa ni daftari. Gu ndiyo wakati watu wana kitu. Ngamia wamezaa, maziwa yamejaa, mdeni hana sababu. Nikamtafuta wa boda boda, akataka pesa yake yote mbele kwa sababu ya matope, nikampa ya mwisho niliyokuwa nayo, tukashika njia ya Balambala kumtafuta mzee mmoja ambaye ameandikwa kwenye daftari langu ukurasa mzima na wa nyuma.

Tulimpata. Na hapa ndipo nilipoharibikiwa, maana alifurahi kuniona. Wewe umeshawahi kumdai mtu aliyefurahi? Akanikumbatia. Akaita wanawe waje wamwone abti aliyewapa maji mwaka ule mbaya. Wakatandika mkeka. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga njiani, makali, yenye tarehe, yakapotea. Yakaletwa maziwa ya ngamia ndani ya chombo kilichofukizwa moshi, povu juu. Kunywa, abti. Nikanywa. Matamu, yana moshi kidogo, hayana shari. Ongeza. Nikaongeza. Mgeni hakatai maziwa. Nikajaza mpaka nikahisi yanatikisika.

Mwisho nikasafisha koo. "Adeer, lile jambo letu..."

"Deni nalijua," akasema. "Silisahau hata kwenye sala." Akaita kijana, akaja na mtungi umejaa maziwa. Wa manjano. Una alama ya moto kwenye mpini, niliyoichoma mwenyewe na msumari. Nikalipwa maziwa, ndani ya mtungi wangu, nikashukuru kwa mikono miwili na nikaacha ukurasa mzima na wa nyuma pale pale kwenye mkeka.

Hakuna aliyeniambia. Wewe ungeniambia, si ndiyo? Kwamba tumbo lisilozoea maziwa ya ngamia halipewi chombo kizima halafu likapandishwa boda boda kwenye njia iliyochimbwa na mvua. Wasomali wote wanajua. Watoto wanajua. Wa boda boda alijua, ndiyo maana yeye alikunywa kidogo akasema anaendesha. Shimo la kwanza nikasikia kitu kinazunguka. La pili nikamshika kiuno. La tatu nikapiga kelele simamisha, simamisha, simamisha!

Nikakimbia kichakani. Sasa majani yameota, ndiyo, lakini ni mafupi. Kijani, mazuri, yanafika kwenye kifundo cha mguu. Nikapata kichaka kimoja cha mathenge, nikaingia na miiba yake yote, sikuuliza. Wa boda boda anapiga honi kila baada ya muda, sijui kunitia moyo au kunihimiza. Mtungi wa maziwa umebaki kwake.

Nilipomaliza ndipo nikakumbuka sina maji. Mimi. Niliye kwenye maji miaka yote hii. Nikachungulia katikati ya miiba, nikaona kijana anapita na punda na mitungi. Nikamwita, nikamwomba anirushie hata kopo moja, nitamlipa akija mjini, aulize tu muuza maji wa punda anayeitwa Injinia, kila mtu ananijua.

Alisimama. Akaangalia kichaka, akaangalia punda wake, akafikiri kiutu uzima.

"Abti," akasema, kwa adabu kabisa, "mimi sikopeshi."